Taulo Mezani kwa Daktari

Kwaaa. Ndoo ya maji ilimwagwa chooni, ikajazwa tena, ikamwagwa tena. Tulikuwa bado tunaruka kamba, jasho halijatoka sawasawa, na tayari nilikuwa nimeisikia sauti hiyo mara tatu. Ukumbi wetu wa masumbwi una choo kimoja nyuma ya ulingo, na ukuta wake ni mwembamba kiasi kwamba mtu akikohoa mle ndani, anayepiga begi humwambia pole.

Mlango ukafunguka, akatoka mjomba akikaza mkanda wa suruali. Ni kaka yake mama, ndiye aliyenifunga glavu zangu za kwanza, na kwa wengine wote pale ni Kocha tu. Alitukuta tumesimama tukimwangalia, akauliza nani katangaza mapumziko. Kamba zikaanza kulia tena sakafuni. Yangu niliiweka chini.

Nilimfuata kwenye benchi nikamuuliza tumbo lina nini. Akasema ni maharage. Nikamkumbusha kwamba jana alisema ni maziwa na juzi maji ya bomba. Akacheka, akataka kujua nimekuwa bwana afya lini. Ulingoni naitwa Kiberiti, maana mimi siwaki polepole, na hapo nilihisi moto unapanda shingoni. Siku daktari alipotuonya kuhusu tumbo nilikuwepo. Na yeye alikuwepo, amekaa kiti cha mbele.

Mjomba alikuwa na kansa ya figo iliyokwishatupa mbegu mapafuni. Daktari wake, mwanamke mrefu mwenye sauti ya taratibu, alituchorea mambo yote kwenye kipande cha karatasi. Alisema katika damu mna askari waitwao seli T. Seli T haipigi hovyo. Kwanza imtambue adui, halafu ipewe ruhusa ya pili na chembe ile ile iliyomleta adui mbele yake. Ishara hizo mbili zikikutana, inaamka, inazaana, inakwenda vitani.

Mjomba akasema hiyo ni ngumi tupu: bondia anamwona mpinzani, halafu anasubiri kengele.

Daktari alikubali, akaendelea. Seli ikishaamka, huotesha juu ya ngozi yake vipokezi vya kuizuia isipitilize. Kipo kinachofanya kazi mapema, kule kwenye matezi ambako askari huandaliwa. Hicho huing'ang'ania ile ruhusa ya pili isiwe kubwa mno. Kipo kingine kinachofanya kazi baadaye, kwenye uwanja wenyewe wa mapambano. Kikiguswa, seli hupoa na kushusha mikono. Bila hivyo viwili, askari wangemaliza wadudu kisha wakamgeukia mwenye nyumba.

"Yaani ni refa," mjomba alisema.

"Ni masikio ya kumsikia refa," daktari akamsahihisha. "Na uvimbe wako umejifunza kuiga sauti ya refa. Askari wanafika, unawaambia basi, wanasimama. Tutakupa dawa mbili kwa dripu. Kila moja inaziba sikio moja."

Mjomba alitoka pale kifua mbele. Ukumbini alimwambia kila aliyeingia kwamba askari wake sasa ni viziwi. Baada ya dripu chache picha ya skani ikaonyesha vidoa vya mapafuni vimesinyaa, na kuanzia siku hiyo alitembea kama mtu aliyevishwa mkanda wa ubingwa. Nusu ya pili ya maelezo hakumsimulia mtu. Daktari alisema kwamba kiziwi ni kiziwi kwa wote: askari wakiukosea utumbo wakadhani ni adui, hawatasikia basi. Ukihara, ukianza kikohozi kipya, ukitoka vipele, nipigie siku hiyo hiyo, maana utumbo unaweza kuvimba hadi ukatoboka.

Pale kwenye benchi niliyarudia maneno hayo moja baada ya jingine. Mjomba alisikiliza huku macho yake yakifuata miguu ya mabondia, kisha akasema ukweli wake.

"Kesho kutwa nina dripu. Nikitamka neno kuhara, wananifungia dawa. Askari wangu wako kwenye raundi ya kushinda, halafu wewe unataka nigonge kengele?"

Nikamwambia anaweza kushinda raundi akafia kwenye benchi. Akajibu kuwa hili ni pambano lake, si langu, na kwamba nirudi kwenye kamba kabla hajanipa begi zito. Nilikuwa na majibu mengi mdomoni, makali yote. Niliyameza, kwa sababu nilikuwa nimekumbuka taulo.

Ukumbini kwetu taulo si la jasho. Kabla ya pambano, bondia huchukua taulo lake na kumvisha shingoni, kwa mikono yake mwenyewe, mtu atakayesimama kwenye kona yake. Akishamvisha, amempa na mdomo wake. Taulo likirushwa ulingoni pambano limekwisha, hakuna ubishi, hakuna kusema nilikuwa bado nina nguvu, kwa kuwa anayepigwa ndiye wa mwisho kujua kwamba anapigwa. Sheria hiyo aliitunga mjomba. Aliwahi kunirushia langu katika pambano ambalo hadi leo naapa nilikuwa nalishinda. Nilinuna mpaka mama akachoka kunipakulia. Mjomba hakunibembeleza, alisema maneno mawili tu: "Ulinipa mwenyewe."

Sasa, siku ya dripu ya kwanza, kwenye ujia wa hospitali, alivua taulo lake la bluu shingoni akanivisha mimi. Alifanya hivyo kwa mzaha, wagonjwa wengine wacheke, na walicheka. Akasema leo kona ni ya Kiberiti. Nililipeleka nyumbani, nikalifua, na tangu hapo lilikuwa linaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wangu.

Ile kesho kutwa ya dripu ilipofika, nililikunja nikalitia kwenye begi. Njiani tulisimama mara mbili kwenye vyoo vya watu, na mara zote mbili mjomba alitoka na hadithi. Mara hii hakuyataja maharage. Suruali yake ilikuwa imekunjamana kiunoni, mkanda umefika tundu ambalo alilitoboa mwenyewe kwa msumari.

Chumba cha daktari kilinukia spiriti. Alimpima joto, akasikiliza mapafu, akauliza usingizi, akauliza hamu ya kula, akauliza tumbo.

"Tumbo shwari, daktari. Chuma," mjomba akasema, akajipiga kiganja tumboni kuthibitisha. Nilimwona alivyokunja uso.

Nililitoa taulo nikalirusha mezani. Halikutua kwa ustadi, lilifunika kipimajoto na nusu ya mkono wa daktari. Akainua macho akinitazama kama mtu anayejiuliza amwite mlinzi au asubiri kidogo. Lakini mimi nilikuwa namwangalia mjomba, na mjomba alikuwa analiangalia taulo.

"Ule ulikuwa mzaha," alisema mwishowe.

"Ulinipa mwenyewe."

Angeweza kunifokea, angeweza kulisukuma taulo sakafuni. Ila angefanya hivyo, kesho yake asingekuwa na uso wa kumrushia bondia yeyote, na hilo alilijua kuliko mimi. Akavuta pumzi, akamgeukia daktari, akasema yote: ni siku ngapi sasa, anakwenda mara ngapi, na kitu ambacho hata mimi sikukijua, kwamba tangu jana kulikuwa na damu.

Daktari hakumgombeza. Aliisimamisha dripu ya siku hiyo, akataka damu na choo vipimwe kwanza isije ikawa ni wadudu wa kawaida, akaomba kitanda wodini. Kama ni askari waliokosea njia, alisema, watatulizwa kwa steroidi.

Hapo mjomba aliuliza swali lililokuwa limemkaa rohoni muda wote. Kama askari wanalazwa usingizi, uvimbe si utasimama na kupunga mikono kwa mashabiki?

"Sitakudanganya kwamba naijua kesho," daktari akamjibu. "Lakini askari waliokwisha kumtambua adui hawamsahau upesi. Wapo wengi waliosimamishiwa dawa hizi kwa tumbo kama lako, na uvimbe wao ukaendelea kubanwa. Utumbo ukitoboka, sina pa kuanzia."

Mjomba aliitikia kwa kichwa polepole, kama anavyofanya ukumbini refa akitoa uamuzi sahihi ambao yeye haupendi.

Vipimo vilirudi bila wadudu. Walikuwa ni wale wale viziwi wake. Aliwekewa steroidi mshipani, na siku chache baadaye nilipoingia wodini nilisimama mlangoni kwanza nisikilize. Hakukuwa na sauti ya maji. Kulikuwa na sauti yake, akimfundisha mzee wa kitanda cha jirani namna ya kulinda kidevu. Mzee ana mpira wa dripu mkononi na bado analinda kidevu. Muuguzi aliniambia kwamba kuhara kumekata, damu haionekani tena, na kwamba nikimchukua mgonjwa huyu mapema wodi nzima itashukuru. Skani nyingine itapigwa akishapata nguvu. Mjomba anasema vidoa vimezoea kipigo, haviinuki. Nami nasema hivyo hivyo, na sisemi kwa kujifariji. Niliziona picha mbili za kwanza kwa macho yangu.

Aliponiona alinyoosha kiganja, akadai taulo lake. Nikamwambia halitoki, pambano halijaisha, litabaki kwenye msumari wangu hadi daktari mwenyewe agonge kengele ya mwisho. Akaniita mkaidi. Nikamwambia ukaidi nimeurithi kwa upande wa mama. Yule mzee wa jirani akacheka hadi akashusha mikono, mjomba akamwambia kidevu.

Kisha akakunja ngumi, akaileta kwangu kama tunavyogusanisha glavu kabla ya raundi, nami nikaigusa na yangu. Hakuiondoa haraka.

"Nakuahidi, mjomba," aliniambia, "tumbo likigeuka tena, utajua wewe kabla ya choo."