Kisima Nyuma ya Kanisa

Kwa miaka sita Nasipwondi alikuwa amefanya kazi katika maabara ya maji mjini Kisumu, na miaka yote hiyo maji yalimjia yakiwa ndani ya chupa. Alipima, akaandika, akapeleka ofisini. Mwaka 1996 chuo kilipoanzisha shahada ya uzamili ya sayansi ya maji, iliyowaweka wahandisi, wanakemia na watu wa sayansi ya jamii darasa moja, aliomba nafasi. Alitaka kupanda cheo. Sababu nyingine hakuwa nayo.

Muhula wa kwanza ulimchosha. Dalmas, mhandisi, aliamini hakuna shida isiyotatuliwa kwa bomba. Lornah, aliyesomea sosholojia, alijibu swali kwa swali. Mwalimu wao, Daktari Walubengo, akawaunganisha watatu hao makusudi, akawatuma Luanda Kotieno, ufuo wa wavuvi ambako feri huvuka kwenda Mbita. Kuhara kulikuwa kumerudi huko tangu mvua za masika.

"Mimi nitapima maji," alisema Nasipwondi.

"Mtapima wote, na wote mtaongea na watu," alisema Walubengo.

Walipangiwa kulala kwa Dorca, mjane wa mchungaji. Nyuma ya kanisa kulikuwa na kisima alichokichimba marehemu mumewe mwaka wake wa mwisho. Magugu maji yalikuwa yameziba ufuo, na maji ya ziwa yalinuka, kwa hiyo wanawake waliyachemsha. Ya kisima waliyanywa vivyo hivyo, kwa kuwa yalikuwa maangavu.

Nasipwondi alipima ya ziwa, kisha ya kisima. Akarudia ya kisima. Yalikuwa na vijidudu vya kinyesi. Choo cha kanisa kilikuwa juu yake kwenye mteremko.

"Kifungwe," alisema Dalmas.

"Na nani atamwambia mwenyewe?" aliuliza Lornah.

Wote wawili wakamtazama Nasipwondi. Hakuwahi kumpa mtu matokeo ana kwa ana.

Alimkuta Dorca jikoni akiparua magamba ya ngege. Akaketi kwenye kigoda, akamweleza polepole: choo, mteremko, maji yanavyopenya ardhini.

"Mchungaji alichimba kwa mikono yake," alisema Dorca.

"Najua, Mama. Kisima alikichimba vizuri. Choo ndicho kilichowekwa vibaya."

Kisu kilisimama. "Rosa, mjukuu wangu, tulimzika mwezi wa tano. Alipokuwa anahara, mimi nilikuwa nampa hayo maji. Ya ziwa nilikataa asiguse." Akainua macho. "Ndiyo yalimuua?"

Nasipwondi angeweza kusema kwamba haijulikani, na asingekuwa amedanganya. Maabara ilikuwa imemzoesha kusema hivyo.

"Inawezekana, Mama."

Dorca aliitikia kwa kichwa, akachukua samaki mwingine.

Jumapili, kabla ya sadaka, alisimama mbele ya waumini na kusema kwa Dholuo, lugha ya huko, kwamba maji ya kisima yachemshwe kama ya ziwa, na kwamba choo kitahamishwa. Mzee mmoja alitaka kujua nani amesema. "Mimi nimesema," alijibu, akaketi. Lornah ndiye aliyemtafsiria Nasipwondi maneno hayo.

Dalmas alipima mahali papya pa choo upande wa chini, na vijana wa kanisa wakachimba. Kisima hakikufungwa. Baadhi ya akina mama walichemsha, wengine hawakuchemsha, na Lornah akaendelea kuwazungukia nyumba kwa nyumba. Siku walipoondoka, Dorca aliwapa mkono Lornah na Dalmas. Alipofika kwa Nasipwondi alisimama kidogo, akajifunga upya kitambaa kichwani, akaingia ndani bila kumpa mkono.

Muhula wa pili wanafunzi kadhaa hawakurudi. Nasipwondi alirudi. Aliketi karibu na Lornah, na baada ya masomo akamwomba amfundishe Dholuo, kuanzia salamu.