Silabi za Wangu

Dedan wa Chege, wa Thuo, ukoo wa maseremala ambao hawakupata kurudishiwa mlango uliopinda, aliketi peke yake chumbani mwake mtaani Makadara akigonga meza kwa nyundo ya mbao. "Ko," taratibu. "Mer," kwa nguvu. Yaani kula. "Ve," taratibu. "Nir," kwa nguvu. Kuja.

Ulimi wake ulikuwa mkaidi. Ulizoea kukaza silabi iliyo kabla ya ile ya mwisho, ilhali vitenzi hivi vya Kihispania vilimtaka angoje hadi ukingoni, kama pigo linalozamisha kichwa cha msumari.

"Baba Teresiah!" jirani yake Mbeti aliita dirishani. "Unamlaani nani humo ndani?"

"Naongea na mke wangu."

Mbeti akarudi nyuma hatua moja. Mke wa Dedan, Wangu, alikuwa kaburini tangu mwaka juzi. Enzi zake alimwita mumewe kutoka karakana kwa kugonga sufuria na mwiko: taratibu, kisha kwa nguvu, mlio wa msumeno usije ukaumeza mwito.

Dedan hakusema uongo. Binti yao Teresiah, muuguzi aliyeolewa Hispania, alimpa mwanawe jina la marehemu. Kwa desturi ya kwao, Wangu alikuwa amerudi. Ila alirudi na lugha ambayo babu hakuijua, na Jumapili hii wangesemezana kwa simu mara ya kwanza.

Katika ofisi ya parokia, Sista Pilar, mwalimu wake wa Kihispania, alimpa mkono wa simu. Dedan akavua kofia.

"Wangu," akaita. "Ko..." Silabi zikamtawanyika mdomoni kama misumari iliyomwagika. Ng'ambo, mtoto akaangua kilio.

"Anakuogopa, Baba," Teresiah akasema. "Tuache hadi akue kidogo?"

"Akue hadi lini? Mimi nazeeka. Mrudishe kwenye simu!"

Dedan akakunja ngumi, akagonga meza ya Sista: taratibu, kisha kwa nguvu. Akarudia. Kilio kikapungua, kikawa kwikwi.

Kisha, kutoka mbali, kijiko kikagonga kitu cha bati. Taratibu. Halafu kwa nguvu.

"Komer," sauti ndogo ikasema, silabi ya mwisho ikitua mahali pake.

Dedan alishika ukingo wa meza. Macho yalimlowa, lakini sauti aliikaza.

"Sikiliza, wewe mtoto. Mkubwa akisema, unatega sikio. Tena!"

Ngumi yake ikabaki juu ya meza, ikingoja.