Banda Lililokuwa Tupu

Siku jeneza la baba lilipotoka nyumbani, jirani yetu mzee Dionizy alifanya kama inavyofanywa huku kwetu. Kabla gari halijaondoka alikwenda bandani na kufungua milango yote, ili ng'ombe wasimame na kuambiwa kwamba mwenye nyumba anaondoka. Wasipoambiwa, watu husema, hawatamtii anayebaki.

Siku kumi baadaye walikataa kutii.

Baba alikuwa amewajengea banda jipya, refu, la paa la bati, lililo wazi upande mmoja. Humo hawafungwi minyororo kama katika banda la mawe la babu. Hutembea watakavyo, na wakitakiwa kutibiwa huingizwa katika ujia mwembamba wa mabomba ya chuma, mmoja nyuma ya mwenzake, hadi kwenye lango linalobana shingo. Jumatatu aliwahamishia humo. Jumatano, akikaza nati za lango hilo, moyo wake ulisimama.

Sasa daktari wa mifugo alikuwa amekuja kuwapima damu. Jagoda, ng'ombe anayetangulia daima, aliingia ujiani, akafika hatua tatu kabla ya lango, akakita miguu. Wenzake kumi na mmoja wakakwama nyuma yake. Tulimwita, tukamsukuma, tukamwonyesha ndoo ya viazisukari. Kaka yangu Zenon alimchapa fimbo mara moja, akaona aibu, akaitupa.

Daktari alisema atangoja hadi saa sita. Zenon akamwambia mama kwamba wakishindikana leo, atampigia simu mnunuzi wa machinjioni, lori lije liwazoe wote. Yeye ni seremala na kazi yake iko mjini Bielsk. Hakuomba kuachiwa ng'ombe. Mama alishika bomba la ujia kwa mikono miwili, akimtazama Jagoda, ambaye yeye na baba walimtoa tumboni mwa mama yake kwenye theluji, mama huyo akiwa karibu kufa.

Mimi nilikuwa karibu na lango, na nilikuwa nimeona. Koti la kazi la baba lilikuwa bado pale langoni alipolitundika siku ile, mkono mmoja ukiyumba kwa upepo. Katika chuo cha kilimo tulifundishwa kwamba ng'ombe husimamishwa na vitu vidogo hivyo: mnyororo unaoning'inia, kivuli, nguo. Lakini siku kumi sote tulikuwa tukipita hapo tukitazama chini. Nilifungua mdomo mara mbili, nikaufunga.

Aliyesema ni mzee Dionizy, aliyekuja kusaidia.

"Kosa ni langu," alisema, kofia mkononi. "Siku ya mazishi miguu ilinipeleka banda la zamani. Miaka arobaini nimezoea kumfuata baba yenu mle. Nikafungua milango, nikasema maneno yote. Mle hamkuwa na hata mkia mmoja wa ng'ombe."

Zenon alimtazama. "Kwa hiyo uliyaambia mawe, mzee?"

"Mawe na popo wawili."

Mama alicheka, kicheko kifupi, cha kwanza tangu mazishi, kisha akafunika uso kwa kitambaa chake.

"Nenda ukawaambie, mwanangu," alimwambia Zenon. "Wewe ndiye uliyebaki."

"Mama, daktari ananitazama."

Daktari akageuka, akaanza kupanga sindano zake upya.

Zenon alikwenda langoni. Alisimama mbele ya koti muda mrefu, kisha akalishusha na kulivaa. Lilimbana mabegani. Akainama usawa wa kichwa cha Jagoda.

"Mwenyewe ameondoka," alisema. "Hatarudi. Nipo mimi."

Jagoda alinyoosha shingo, akainusa mikono ya lile koti, mmoja, kisha wa pili. Zenon akarudi nyuma polepole, akapisha njia. Ng'ombe akapiga hatua tatu, akaingiza kichwa langoni. Wengine wakamfuata.

Kabla ya saa sita daktari alikuwa amemaliza. Simu ilibaki mfukoni mwa Zenon.

"Wewe uliyesoma," aliniuliza, "kweli walinisikia?"

Nililitazama lango, ambalo sasa halikuwa na kitu kinachoning'inia.

"Walikusikia, kaka."

Jioni alipolivua koti alitaka kulitundika pale pale. Nililipokea mkononi mwake, nikalipeleka jikoni, kwenye msumari wa baba.