Hati Iliyopigwa Pasi

Mtaani walimwita Mama Tahadhari, na jina hilo hakuliokota njiani. Alifunga mlango kwa kufuli mbili, akifika njia panda anarudi kuhakikisha kama amefunga. Binti yake, mke wa mtu na mama wa watoto wawili, alikuwa bado anapigiwa simu aulizwe kama amevaa sweta.

Kazi yake ilikuwa kushona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba yake, kwa cherehani moja yenye umri wa kuamkiwa. Alizaliwa nchi ya jirani, akaja huku kwa ndoa, mume akafariki, yeye akabaki. Hati ya uraia aliihangaikia miaka tisa: leo njoo kesho, kesho faili halionekani. Siku alipoipata hakwenda hata nyumbani. Alipitiliza kwa mzee wa fotokopi.

"Ipige laminesheni," alimwambia. "Plastiki nene kuliko zote ulizonazo."

Ikatoka ngumu kama sinia, haiingii maji wala haitafunwi na mende. Akaishonea mfuko ndani ya godoro. Na kwa kuwa mwenye busara hali peke yake, alizunguka mtaa mzima kuwashauri waliohamia kama yeye wafanye vivyo hivyo. Mungu amsamehe.

Mwaka huu mkuu wa shule ya jirani akamwambia: sare mia tatu, shule zikifunguliwa ziwe tayari. Kwa cherehani ile bibi, mia tatu ni ndoto. Lakini palikuwa na mkopo wa wafanyabiashara wadogo, serikali yenyewe ndiyo mdhamini, nyumba huweki rehani. Ungempatia cherehani ya pili na overloki ya kumalizia pindo. Sharti la kwanza kwenye fomu: mwenye biashara awe raia, au awe na kibali cha ukaazi wa kudumu. Aliyepata uraia kwa kuandikishwa alete hati halisi.

"Hapo nimeshapita," alijisemea, akachana godoro.

Jumanne asubuhi afisa mikopo, mwanamke mdogo mwenye miwani, aliipokea hati, akaipapasa, akaigonga mezani. Ko, ko.

"Mama, hii imefanywaje?"

"Imehifadhiwa, mwanangu."

"Imehifadhika kweli. Hata mimi siifikii." Akamwonyesha ule muhuri wa kubonyezwa, usio na wino, unaotuna ukiupitishia kidole. "Huu lazima niupapase. Humu ndani nitajuaje kama ni muhuri au picha ya muhuri?"

"Kwa hiyo mimi si raia?"

"Sijasema hivyo, mama. Uraia wako uko palepale. Nenda nayo Uhamiaji hivihivi ilivyo, watakupa barua ya kuthibitisha. Siku mbili tu. Sisi tunafunga maombi Ijumaa saa tisa alasiri. Ila nakuomba, usiibandue."

"Niibandue nina wazimu?"

Wazimu alikutana nao njiani. Uhamiaji! Lile benchi alilikalia miaka tisa, alilijua hata misumari yake. Wakimnyang'anya? Wakisema ni ya kughushi? Kabla hajafika nyumbani, kichwani mwake alikuwa ameshavushwa mpaka, cherehani kichwani, na binti analia upande wa pili.

Akawasha pasi: plastiki ikilainika atalibandua ganda, muhuri upapasike, na Uhamiaji asikanyage. Mtu aliyenyoosha kola miaka ishirini na tano atashindwa na karatasi? Akatandaza kitambaa kibichi juu ya hati, akaanza taratibu, moto mdogo, kama anabembeleza hariri. Simu ikalia.

"Mama, umefika Uhamiaji?" aliuliza binti, aliyekwisha kusimuliwa habari za barua.

"Niko njiani."

"Mbona nasikia tshhh?"

"Ni jua, mwanangu. Kali mno."

"Mama. Weka hiyo pasi chini."

Alikuwa amechelewa. Plastiki ilijikunja kama jani kavu. Akashika ncha, akavuta, ikabanduka vizuri ajabu, na vyote vikaifuata: nembo, muhuri, jina lake na la baba yake. Kwenye karatasi ilibaki tarehe na mkia wa sahihi. Wahenga walisema akili nyingi huondoa maarifa. Yeye zilimwondolea na jina.

Jumatano afisa wa Uhamiaji aliinua kile kilichobaki kwa vidole viwili.

"Kuna moto nyumbani kwako, mama?"

"Hapana, baba. Niliipiga pasi."

Afisa alimwita mwenzake kutoka chumba cha pili, akamwomba mama arudie. Akarudia. Kisha wakafungua daftari, jina lake likaonekana, wino haujafifia hata kidogo. Hakuna aliyemnyang'anya kitu.

"Raia wewe ni raia," afisa alisema. "Lakini hati mpya ni miezi mitatu. Jana ungeileta na plastiki yake, kesho ungeondoka na barua."

Ijumaa saa tisa ilimkuta kwenye cherehani yake kuukuu. Mkuu wa shule alimwachia sare themanini. Mia mbili na ishirini alipewa fundi wa ng'ambo ya barabara, yule ambaye Mama Tahadhari alizoea kumsema kwamba pindo zake zinakwenda kama mlevi.

Jioni akaanza kuzunguka mlango kwa mlango, kuwaonya wale wale aliowashauri: hati yenye muhuri wa kubonyezwa iache wazi, itie kwenye bahasha; na kama ulishaivalisha plastiki, ipeleke ilivyo, usiiguse, hata ukiogopa vipi. Hasa ukiogopa.

"Tumesikia, jirani," walimjibu. "Au umekuja na pasi yako?"

Alistahili. Akacheka nao.

Wakati wa kurudi alipita kwa mzee wa fotokopi, mashine yake bado ya moto.

"Mama Tahadhari! Leo huna cha kuvalisha?"

Kwenye pochi alikuwa na stakabadhi ya maombi ya hati mpya, karatasi nyembamba kama ganda la kitunguu, na bila hiyo hapewi hati. Mkono wake ukaingia ndani ya pochi wenyewe. Akauangalia, akautoa mtupu, akavuka barabara kabla haujabadili mawazo.