Nia Isiyoitikiwa

Alhamisi ile jumuiya ilisali nyumbani kwa Sperancia, na mambo yaliharibika kwenye nia. Mpaka hapo kila kitu kilikuwa kimekwenda vizuri. Wimbo uliimbwa, somo lilisomwa, watu walibanana kwenye mikeka na viti vya plastiki, kisha wakaanza kutoa nia zao mmoja mmoja: wagonjwa, mvua, watoto wanaosubiri matokeo ya mtihani, ng'ombe wa Kashaija aliyetupa mimba. Mtu akimaliza anasema "Tuombe," na wote wanaitikia, "Ee Bwana, twakuomba utusikie." Jumuiya ya Mabira haina ubahili wa kuitikia. Hata ukiomba sufuria mpya, wataitikia.

Ndipo akasimama Anonciata, mjane wa Theoneste.

"Tuwaombee watoto wa Gaza wanaokufa kwa mabomu na njaa. Mungu awafunike. Tuombe."

Kimya. Mtu mmoja akakohoa. Xaveria, katibu wa jumuiya, akainamia daftari lake. Sperancia akaanza kunyoosha kitambaa cha meza ambacho hakikuwa na mkunjo wowote. Watu ishirini na kitu, watu aliolima nao, aliowapikia uji walipojifungua, wote midomo imeshonwa! Anonciata alidhani labda hawakusikia.

"Tuombe," akarudia.

"Iondoe hiyo," akasema Cleophace, mwenyekiti wa jumuiya.

"Niondoe nini?"

"Hiyo nia yako. Hapa hatuwaombei watu waliotaka kuniulia mtoto."

Mabira nzima ilijua habari ya mtoto huyo. Novatus alikuwa amekwenda Israeli kujifunza kilimo kwa vitendo, na asubuhi ile ya Oktoba, watu wenye silaha kutoka Gaza walipovamia na kuua, yeye alijificha kwenye banda la pampu tangu alfajiri mpaka jioni. Alirudi Novemba na begi moja. Sasa ilikuwa mwisho wa Januari, na bado hakuweza kukaa kwenye chumba kilichofungwa mlango. Basi Cleophace alikuwa na sababu ya kuumia, hilo hakuna wa kumnyima.

"Mimi nimetaja watoto, Baba Novatus," alisema Anonciata. "Alhamisi tatu tuliwaombea mateka wa Israeli. Nani aliitikia kwa sauti kuliko mimi? Leo nimetaja watoto tu."

"Watoto hukua! Leo mtoto, kesho kashika bunduki. Wamalizwe wote, mpaka wa mwisho, dunia ipumue."

Hapo Anonciata akawaka. Maneno hayo aliyajua. Aliyasikia redioni mwaka wa mauaji, akiwa na miaka kumi na tisa, kwao Rwanda, ng'ambo ya mto Akagera, yakisemwa kwa sauti nzuri kabisa katikati ya nyimbo. Wiki ile ile aliyasikia tena uani kwao, kutoka kwa jirani aliyekuwa akija kuazima jembe.

"Yezu we! Rudia ulichosema, Cleophace! Rudia, na Biblia iko mezani hapo! Mpumbavu mkubwa wewe!"

Lo! Kumwita mwenyekiti mpumbavu, tena katikati ya sala. Nyumba ikalipuka. Sperancia akapiga kelele kwamba Israeli ni taifa teule, na anayelipinga anapingana na Mungu mwenyewe. Kashaija akauliza, sasa hao watoto wachanga wamempinga nani, akaambiwa anyamaze, yeye na ng'ombe wake. Mtu akasema Israeli ya kwenye Biblia si serikali ya leo, mwingine akamjibu kwamba hayo ameyatoa kwenye simu. Kisha kutoka nyuma, karibu na mlango, sauti ya kike ikasema polepole, "Wakimbizi huteteana."

Anonciata akageuka kumtafuta aliyesema. Miaka ishirini na tisa amekaa Mabira, kaolewa hapo, kazaa hapo, kazika mume hapo, mwaka wa msako wa wahamiaji kabeba vitambulisho vyake kifuani mwezi mzima, na bado ni mkimbizi! Kila uso aliouangalia ulikwepa macho yake.

Cleophace ndiye aliyefunga kikao. "Barua ya binti yako ninayo mimi," alisema. "Itakaa kwangu mpaka uiondoe nia hiyo."

Hilo lilimpata penyewe. Parokiani kwao ndoa haitangazwi bila barua ya jumuiya yenye saini ya mwenyekiti. Gloriose, binti yake wa pekee, alikuwa aolewe na Kamugisha wa Kiruruma. Tangazo la kwanza lilitakiwa kusomwa Jumapili hiyo hiyo, maana zilibaki Jumapili chache tu kabla ya Jumatano ya Majivu, na Kwaresima ikishaingia hakuna harusi. Na shangazi yake Kamugisha alikuwa anatafuta sababu tu. Tangu siku ya kwanza alikuwa akiuliza kijana wao anavuka kutoka Karagwe mpaka Kyerwa kufuata Mnyarwanda kwa lipi, Kiruruma wasichana wameisha?

"Iondoe, Mama," alisema Gloriose aliposikia. "Kuna ugumu gani? Ni maneno tu."

Ijumaa nzima Anonciata alilima shamba la migomba kwa hasira, akikata hata magugu yasiyokuwepo. Lakini tusifichane. Jumamosi asubuhi alipojifunga kitenge na kushika njia ya kwa Cleophace, alikwenda kuiondoa. Alikuwa amelipanga neno lenyewe, fupi, ili limtoke haraka.

Alimkuta Cleophace uani akipura maharage. Alikuwa anayapiga kwa fimbo kwa nguvu ambayo maharage hayakuihitaji, punje zinaruka mpaka ukutani. Benadeta, mkewe, akaleta kigoda na kumkaribisha mgeni. Novatus alikuwa amekaa barazani, nje kama kawaida yake.

"Shikamoo, mama," alisema Novatus.

"Marahaba, mwanangu."

Cleophace hakungoja salamu yake. Akatupa fimbo, akatoa barua na kalamu kwenye mfuko wa shati. "Najua umekuja kwa nini. Vizuri. Mwangalie huyu mtoto usoni, useme, nimeiondoa. Nasaini sasa hivi, Gloriose atatangazwa kesho."

Anonciata akafungua mdomo.

"Baba, niache!" Novatus alikuwa amesimama. Watu wa Mabira walikuwa hawajamsikia akipaza sauti tangu arudi. "Kila Alhamisi unanitaja. Kila Alhamisi watu wamalizwe kwa ajili yangu! Nani alikwambia mimi nataka mtu amalizwe? Umewahi kuniuliza?"

"Novatus, kaa chini."

"Sikai! Bandani kule sikuwa peke yangu. Nilikuwa na mwenzangu, mtu wa Thailand, kibarua kama mimi. Ndiye aliyenifundisha kufunga nyanya. Alinisukuma ndani, yeye akabaki mlangoni kwa sababu nafasi haikutosha. Hakuwa Myahudi, hakuwa Mwarabu, alikuwa anatafuta maisha tu." Akamgeukia Anonciata, na hasira yake haikupungua hata kidogo. "Na wewe, mama. Miezi miwili unapita hapa kila asubuhi ukienda kisimani. Watoto wa Gaza umewakumbuka. Mimi umewahi kuniuliza nani alikufa?"

Hakuwahi. Alimpa pole mara moja, siku aliporudi, kisha moyoni akasema huyu kapona, anataka nini tena. Yeye, Anonciata, ambaye alijua vizuri kupona kulivyo! Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Anaitwa nani?" aliuliza.

"Prasert."

"Prasert." Alilitamka vibaya, akarudia mpaka Novatus akaitikia kwa kichwa. "Nimekosa, mwanangu. Nisamehe. Alhamisi nitamtaja."

"Mtaje," alisema Cleophace. "Mtaje huyo, na wale uwaondoe."

Kalamu ilikuwa imenyooshwa mbele yake. Lilikuwa neno moja tu. Benadeta alikuwa anamwangalia kwa macho ya kumwomba alitamke, yaishe, watu wale maharage.

"Baba Novatus," alisema Anonciata, "nilikuja kuiondoa. Mungu ananiona. Nimekuita mpumbavu mbele za watu, kwa hilo nakuomba radhi hapa mbele ya mkeo. Waliokuja kumuulia mtoto wako rafiki yake, Mungu awahukumu, siwatetei hata kwa dakika moja. Lia mpaka uchoke, ni haki yako. Lakini kusema watoto wa watu wamalizwe, haki hiyo huna! Mdogo wangu Tuyizere alikuwa na miaka minne. Jirani aliyekuja kwetu alisema hivyo hivyo ulivyosema wewe, kwamba watoto hukua. Nikiiondoa nia yangu, nimempa haki yule jirani. Siwezi."

Cleophace akaikunja barua, akaikunja tena, akairudisha mfukoni.

"Basi binti yako akaozwe Gaza," alisema.

"Baba Novatus!" Benadeta alishtuka.

Lakini mumewe alikuwa ameshaokota fimbo, na maharage yakaanza kuruka tena. Novatus akashuka barazani, akaingia migombani bila kumwangalia yeyote kati yao.

Gloriose alikuwa anamenya ndizi jikoni. Alimwangalia mama yake mara moja tu alipoingia.

"Hukuiondoa."

"Sikuiondoa."

Kisu kikaanguka kwenye beseni, maji yakaruka. "Shangazi yake atafurahi leo! Atapika pilau! Mama, nimengoja miaka miwili. Nimeshona nguo za harusi za wenzangu wote hapa Mabira, yangu lini? Kwa ajili ya watu gani? Kule Gaza kuna mtu mmoja, mmoja tu, anayejua kwamba mimi nipo duniani?"

"Hakuna."

"Wakipona watakuja kunioa?"

"Hawatakuja. Hawakujui." Anonciata akakaa chini bila kufungua kitenge. "Mimi mwaka ule nilikaa siku tisa kwenye mafunjo ya Akagera, Tuyizere mgongoni. Siku nne za mwisho alikuwa ameshakufa, nikaendelea kumbeba. Nilijipa moyo kwamba ng'ambo huku kuna Wakristo, kengele zao nazisikia Jumapili, lazima wanatuombea. Nilipoolewa nikamuuliza baba yako kama kweli mlituombea. Baba yako hakuwa mwongo."

Gloriose alifuta mikono kwenye gauni.

"Aliniambia maiti zilikuwa zinapita mtoni kila siku, na jumuiya ilikutana kila Alhamisi. Walibishana waombee upande gani. Walibishana mpaka tukaisha."

Gloriose alilia kwa hasira, akalisukuma beseni kwa mguu, na mama yake hakumbembeleza.