Kioo Chenye Miguu Miwili

Seremala alipomrushia shemeji yake kigoda, hakukusudia kioo. Alikusudia kichwa. Kigoda kikapita juu ya upara wa kinyozi, kikakipata kioo cha ukuta mzima, nacho kikaporomoka kwa kishindo ambacho, wapo wanaoapa, kiliwafanya kuku wa mtaa wa tatu waache kutaga kwa wiki nzima.

Kisa chenyewe ni kicheko. Kinyozi alikikalia kigoda kipya mbele ya wateja, kikamyumbisha, akasema, "Shemeji, umeniletea kigoda au punda?" Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Hasira hasara. Jioni ile ile seremala alileta pesa za kioo, akaziweka mezani bila kumtazama mtu.

"Nimepokea," kinyozi akasema. "Ila kioo cha ukubwa ule ni cha kuagiza, wiki mbili. Wateja wangu watajitazama wapi, kwenye beseni?"

Dada yake seremala, ambaye ndiye mke wa kinyozi, alikuwa anafagia vipande. "Aliyevunja kioo awe kioo," akasema. "Na mpaka haya yaishe, kaka, chai ya kwangu usiiote."

Hapo alimpata penyewe. Tangu afiwe na mkewe, seremala hakuwa na chai nyingine ya kunywa na watu ila ile ya jioni, nyuma ya pazia la kinyozi.

Basi kesho yake akasimama ndani ya fremu tupu, mikono nyuma. Wa kwanza alikuwa dereva wa lori.

"Haya, kioo, niko vipi?"

"Umependeza, bwana."

Wapi! Juu ya sikio moja kimeachwa kichaka cha kufugia kanga. Nusu saa haijaisha, mke wa dereva akamrudisha.

"Kioo hakimbembelezi mtu," kinyozi akamnong'oneza seremala. "Usinivunjie na jina."

Tangu hapo akawa anatazama kweli. "Kulia pamebaki." "Kisogoni kuna ngazi, teremsha." Sifa zikaenea, bibi mmoja asiye na nywele za kukata alikuja kumuuliza kama mkwewe anampenda.

Lakini kutoka pale ukutani aliona pia jambo ambalo hakulitarajia. Kila amalizapo kichwa, kinyozi huinua macho kukitafuta kioo alichoachiwa na marehemu baba yake, akamkuta shemeji, akayashusha. Hasara hiyo haikuwemo katika zile noti alizolipa.

Siku ya kumi na nne kioo kipya kikafika. Kabla hakijapandishwa, kinyozi akakaa mwenyewe kwenye kiti cha wateja.

"Kioo, swali la mwisho. Unaona nini?"

Seremala akameza mate. Samahani alikuwa nayo mdomoni, tamu, tayari. Akaimeza nayo.

"Naona kigoda kilikuwa kinayumba," akasema. "Mguu mmoja niliukata mfupi. Nilijua kabla sijakuletea. Wewe ulisema kweli, mimi nikakurushia."

Kinyozi akajipapasa upara.

"Na kichwa changu je?"

"Kizima. Shukuru Mungu sina shabaha."

Kinyozi akaanza kutikisika mabega, mwisho akacheka mpaka kiti kikalia. Nyuma ya pazia, dada akapanga vikombe huku akihesabu kwa sauti, makusudi wasikie: kimoja, viwili, vitatu.