Askari wa Ubavuni

Katika mashindano ya sataranji ya vijana, mwaka 1970, hakuna aliyetegemea kwamba Tabia wa mtaa wa Mpendae angefika fainali. Alikuwa na miaka kumi na minne, na mwalimu wake alikuwa shangazi yake tu, Bi Mwanamwema, mshona nguo aliyependa sataranji kuliko chakula. Nasaha yake haikubadilika: "Anza na askari wa mbele ya mfalme. Huyo wa ubavuni mwache. Ukimtoa, umemvua mfalme nguo mbele za watu."

Ukumbi wa mtaa wa Malindi ulifurika. Mpinzani alikuwa Muhiddin, bingwa wa mwaka uliopita, aliyecheza upesi kama anayefukuza nzi. Alimtazama Tabia, akatabasamu. Tabia akababaika, akanyoosha mkono bila kuangalia, akamshika askari wa ubavuni.

"Samahani, si huyu..."

"Ukigusa, umecheza," alisema Mwalimu Silima, mwamuzi.

Tabia akamsogeza mbele. Nyuma yake alimsikia shangazi akiguna, "Lahaula!"

Lakini Muhiddin hakujibu upesi. Alikuwa amehifadhi funguzi nyingi za mchezo kutoka vitabuni, na huu hakupata kuusoma. Watu wakaanza kunong'ona.

"Huyu kafundishwa na Warusi," alisema mmoja.

Muhiddin akasikia, jasho likamtoka. Hatimaye akatoa askari wake kama chambo, Tabia akamla. Hapo ndipo alipoona kwamba malkia wa Muhiddin amepata njia ya kumwendea mfalme wake. Akamtoa farasi, akaiziba ile njia.

Tangu hapo alicheza taratibu, hana papara. Muhiddin alishambulia huku na huku, akapoteza kete baada ya kete. Askari wa Tabia akapenya hadi mstari wa mwisho, akawa malkia, na Muhiddin akamlaza mfalme wake, kukiri kwamba ameshindwa. Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele.

"Nambie kweli," alisema Muhiddin akimpa mkono. "Nani kakufundisha ufunguzi ule?"

"Hakuna. Nlikosea kushika."

Muhiddin akakodoa macho, kisha akacheka mpaka akashika meza. "Kumbe nnatishwa na kidole!"

Alipotulia akamgeukia shangazi. "Shikamoo, Bi. Naweza kuja kwenu kucheza naye tena?"

"Marahaba, mwanangu. Njoo Ijumaa, baada ya laasiri," alijibu Bi Mwanamwema, akijitanda kanga yake vizuri. "Lakini utaanza na mimi."